Wasifu wa mastaa wa burudani wa Italia: mbona majina ya kazi ni mengi na miaka haipatani?

Pazia_Jekundu

Wakuu, salaam. Naandaa mfululizo wa wasifu mfupi wa kusomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, juu ya mastaa wa burudani wa Italia wa karne ya 20: Totò, Alberto Sordi, Mina, Adriano Celentano, Raffaella Carrà, Mike Bongiorno, na wa karibuni kama Fiorello. Kuna mambo matatu yananikwamisha.

Kwanza, sijui nimwite nani nani. Celentano ana santuri, ana filamu, ana vipindi vya runinga. Carrà vivyo hivyo. Nikiandika "mwimbaji" nakuwa nimempunja, nikiandika "mwimbaji, mwigizaji, dansa na mtangazaji" msikilizaji hapati picha ya jinsi maisha yalivyokwenda.

Pili, miaka. Canzonissima (kipindi cha runinga) ileile huku naambiwa ni ya 1970, kule 1971. Ushindi mmoja wa Sanremo, tamasha la nyimbo, naukuta kwa watu wawili.

Tatu, mapengo. Mtu yuko juu kabisa, ghafla hayupo kwenye runinga, kisha anarudi na wasifu unaendelea bila kueleza alikuwa wapi.

Sihitaji orodha ya nyimbo bora. Nataka kujua kazi ilijengwaje: nani alilipa, mtu alipandaje, alianguka kwa nini.

---

Mzee_wa_Galari

Mkuu Pazia, weka kando majina ya kazi. Mpange kila mtu kwa jukwaa lililokuwa likimlisha kwa wakati huo. Italia ilikuwa na majukwaa yaliyofuatana, na karibu kila staa uliyemtaja alihama kutoka moja kwenda jingine pale la zamani lilipoanza kukauka. Ukilijua jukwaa unajua alilipwa na nani, alisimama mbele ya watu gani, na mazoea gani ya kazi aliyabeba hadi mahali pengine.

La kwanza ni avanspettacolo. Miaka ya 1930 majumba ya sinema yalikuwa yakitoa onyesho fupi la jukwaani kabla ya filamu: mchekeshaji mmoja au wawili, wasichana wa kucheza, mwimbaji, bendi ndogo. Lilirudiwa mara kadhaa kwa siku, kadiri filamu ilivyorudiwa. Watu walikuwa wamelipia filamu, kwa hiyo mchekeshaji asiyewashika mapema alizomewa, na baada ya filamu alilazimika kutoka tena mbele ya kundi jingine. Juu yake kulikuwa na rivista, onyesho la jioni nzima kwenye ukumbi wa maana, lenye okestra kamili, mavazi ya gharama na ngazi kubwa jukwaani ambayo Wanda Osiris aliifanya alama yake kwa namna alivyokuwa akiishuka. Mwisho wa onyesho kikosi chote kilipita kwenye njia iliyoizunguka okestra, hatua chache tu kutoka viti vya mbele.

Kila kikosi kilikuwa na capocomico, mchekeshaji mkuu ambaye mara nyingi ndiye bosi, na spalla, yule wa pembeni anayeuliza, anayeshangaa, anayekasirika kwa wakati wake ili mwenzake avune kicheko. Waandishi wengi wa wasifu humruka spalla, na hapo ndipo maelezo yao ya uchekeshaji yanapopwaya. Spalla wa Totò alikuwa Mario Castellani, na alihama naye kutoka jukwaani hadi kwenye filamu. Ukiangalia filamu zao pamoja, mtazame Castellani badala ya Totò: utamwona akirudia swali lilelile kwa uso mkavu, kila mara akiongeza hasira kidogo, mpaka Totò awe na nafasi ya kupaa.

Totò mwenyewe alizaliwa Napoli, mtaa wa Sanità, 15 Februari 1898. Filamu yake ya kwanza ni ya 1937, akiwa tayari na jina kubwa jukwaani. Lakini sinema ilianza kumlipa kwa uzito baadaye sana, 1947. Alipofariki Roma 15 Aprili 1967 alikuwa na filamu 97, nyingi mno zikiwa zimebanwa ndani ya miaka 20 ya mwisho. Kwa hiyo ukimwita "mwigizaji wa sinema" unafuta robo karne ya jukwaa iliyomtengeneza. Na si yeye peke yake. Anna Magnani alikuwa mshirika wake kwenye rivista wakati wa vita, na Aldo Fabrizi naye alitoka kwenye vichekesho vya jukwaani. Hao wawili ndio waliokuwa waigizaji wakuu wa Roma città aperta ya 1945, filamu ambayo dunia inaihesabu kuwa ya machozi.

Jukwaa la pili ni redio pamoja na Sanremo, nawaachia wanaolijua zaidi.

La tatu ni runinga ya RAI, shirika la utangazaji la taifa, iliyoanza matangazo rasmi 3 Januari 1954. Mike Bongiorno ni mtu wa hapa tangu siku ya kwanza: kipindi chake kilikuwemo kwenye ratiba ya siku hiyo. Alizaliwa New York 26 Mei 1924, akakulia Torino, wakati wa vita akakamatwa na Wajerumani, akafungwa gereza la San Vittore huko Milano, na akaokoka kwa kubadilishana wafungwa. Novemba 1955 akaanza Lascia o raddoppia?, shindano la maswali ambamo zawadi iliongezeka mara mbili kwa kila jibu sahihi hadi lira 5,120,000. Aliyekosea kwenye hatua za juu aliondoka na gari la Fiat 600. Kilirushwa Jumamosi. Wenye sinema wakalalamika kuwa usiku wao wa mapato umekufa, RAI ikakihamishia Alhamisi, na bado baadhi ya majumba ya sinema yaliishia kuweka runinga ukumbini ili yasipoteze watu. Hapo unaona jukwaa moja likinyang'anya jingine wateja wake kwa macho.

Usisahau Carosello, kuanzia 3 Februari 1957 hadi 1 Januari 1977. Kilikuwa kipindi cha matangazo ya biashara, ila kwa sheria ya ajabu: kila kijifilamu kilikuwa na sekunde 135, na bidhaa ilitajwa kwenye sekunde 35 za mwisho tu. Zilizotangulia ilibidi ziwe kichekesho au wimbo kamili. Karibu wote walipita hapo. Mina alifanya ya tambi za Barilla kwa miaka kadhaa, na Totò alifanya pia mwishoni mwa maisha yake. Filamu hazikuingiza fedha kila mwaka, Carosello iliingiza. Ukiandika nani alilipa, hiki ni kipande kinachokosekana kwenye wasifu nyingi.

La nne ni runinga binafsi. Mwaka 1976 Mahakama ya Katiba iliruhusu vituo binafsi vya maeneo kurusha matangazo, na miaka michache baadaye Bongiorno akahamia upande wa mfanyabiashara Silvio Berlusconi, akiwa staa mkubwa wa kwanza kuiacha RAI kwa ajili ya kituo ambacho wakati huo kilionekana Milano na jirani zake tu. Wengine walimfuata kwa sababu yeye alitangulia.

---

Bi_Santuri

Nachukua Sanremo na miaka, maana hapo makosa ni mengi na yote yana sababu.

Ndugu Pazia, jambo la kwanza la kukaa nalo kichwani: Sanremo ilianzishwa kuwa shindano la nyimbo. Mwimbaji alikuwa chombo cha kuufikisha wimbo. Tamasha la kwanza, Januari 1951, lilikuwa na nyimbo 20 na washiriki watatu tu: Nilla Pizzi, Achille Togliani na ndugu wawili walioitwa Duo Fasano. Pizzi alishinda, na mwaka uliofuata nyimbo zake zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, jambo linaloonekana la miujiza mpaka ujue walivyokuwa wachache.

Tangu 1953, karibu kila mwaka hadi 1971, kila wimbo uliimbwa na wasanii wawili tofauti, kila mmoja kwa mpangilio wake wa muziki. Nia ilikuwa wimbo upimwe wenyewe. Ndiyo maana ushindi mmoja unaukuta kwa watu wawili, na vyanzo vyote viwili viko sahihi. Domenico Modugno ana ushindi wa mara nne: 1958 na 1959 akiwa na Johnny Dorelli, 1962 akiwa na Claudio Villa, 1966 akiwa na Gigliola Cinquetti. Villa naye ana minne: 1955 na Tullio Pane, 1957 na Nunzio Gallo, 1962 na Modugno, 1967 na Iva Zanicchi. Ukijumlisha bila kuangalia, ushindi wa 1962 utauhesabu mara mbili. Kwenye wasifu andika "alishinda pamoja na fulani, kila mmoja akiuimba kivyake". Usiandike "waliimba wawili", kwa sababu msikilizaji atadhani walisimama pamoja kwenye maikrofoni.

Mfano unaoonyesha jinsi wimbo ulivyokuwa juu ya mwimbaji ni wa 1955. Villa alipoteza sauti kabla ya fainali. Badala ya kumwondoa, waliweka gramafoni jukwaani na kupiga santuri yake. Wimbo ukashinda. Kelele zilikuwa nyingi, lakini kwa mantiki ya wakati ule jambo hilo liliwezekana.

Mtego wa pili ni ukumbi. Modugno hakushinda kwenye Teatro Ariston. Hadi 1976 tamasha lilifanyika Kasino ya Sanremo, likahamia Ariston 1977. Nimeona makala nyingi zikimsimamisha Modugno wa 1958 Ariston akinyoosha mikono. Mikono ni kweli, ukumbi si kweli.

Mtego wa tatu ni kudhani nafasi na mafanikio ni kitu kimoja. Celentano, aliyezaliwa Milano 6 Januari 1938 kwenye nyumba namba 14 mtaa wa Gluck kwa wazazi waliotoka Foggia, alikuwa fundi saa kabla ya rock and roll kumchukua. Mwaka 1961 aliingia Sanremo akiwa jeshini kwa ruhusa maalumu, akaanza kuimba akiwa amewapa watazamaji mgongo, akashika nafasi ya pili. Mwaka 1966 alileta wimbo kuhusu mtaa ule wa utotoni uliomezwa na saruji, ukatolewa kwenye mchujo mapema. Leo ndio wimbo anaotambulishwa nao. Ushindi wake ulikuja 1970, akiwa na mkewe Claudia Mori. Toto Cutugno alipata nafasi ya tano 1983 na L'italiano, wimbo aliokuwa amempelekea Celentano kwanza na Celentano akaukataa, na ndio ulioenda duniani kote. Ukiandika maisha ya mwimbaji wa Italia kwa kufuata nafasi za Sanremo, utawapa ukurasa watu waliosahaulika na mstari mmoja watu walioimbwa miaka 40.

Sasa Canzonissima. Hiki kilikuwa kipindi cha runinga kilichofungamana na bahati nasibu ya taifa. Kilianza vuli na fainali yake ikawa 6 Januari, sikukuu ya Epifania, siku ambayo tiketi za ushindi zilitangazwa. Kwa hiyo Canzonissima ya 1970 iliisha Januari 1971. Mwaka wa kipindi ni ule kilipoanza, mwaka wa ushindi ni unaofuata. Andika "msimu wa 1970/71" na ugomvi unaisha.

Tena kuna miaka kipindi kilibadilishwa jina: 1966 kiliitwa Scala reale, 1967 Partitissima, kisha jina la zamani likarudi 1968. Ukitafuta kwa jina moja tu utadhani mtu hakuwepo.

---

Pazia_Jekundu

Asanteni sana, hili la msimu limenifungulia mambo mengi. Mzee wa Galari, ule mpangilio wa majukwaa nauchukua mzima. Bado mapengo. Mina hasa: 1963 anapotea, 1978 anapotea tena. Ni sababu moja?

---

Kamera_ya_Tatu

Si sababu moja hata kidogo, mkuu, na ndiyo maana pengo lazima liandikwe na chanzo chake.

Kwanza elewa uzito wa RAI. Hadi 1976 haikuwa na mshindani kwenye runinga. Ukifungiwa na RAI hukuwa na kituo kingine cha kukimbilia. Ulibaki na kumbi za usiku, ukumbi wa maigizo, santuri au sinema. Mtu aliyefungiwa alilazimika kubadilisha jukwaa, na wengine walitoka wakubwa zaidi kwa sababu hiyo.

Angalia Ugo Tognazzi na Raimondo Vianello. Tangu 1954 walikuwa na Un due tre, kipindi cha vichekesho kilichopendwa sana. Mwaka 1959 Rais Giovanni Gronchi alikaa pasipo na kiti akaanguka, akiwa kwenye onyesho katika jumba la opera la La Scala pamoja na Charles de Gaulle. Magazeti yalikaa kimya. Tognazzi na Vianello wakaigiza anguko hilo mbele ya kamera: mmoja akavutiwa kiti, akaanguka, mwenzake akamuuliza anajiona nani. Kipindi kikafungwa. Tognazzi akaenda kwenye sinema na kuwa mmoja wa nguzo za filamu za vichekesho za Italia. Huwezi kueleza Tognazzi wa miaka ya 1960 bila kiti kile.

Dario Fo na Franca Rame, Canzonissima ya 1962: waliandika vichekesho kuhusu wafanyakazi wanaokufa kwenye ujenzi, RAI ikataka kukata, wao wakaondoka katikati ya msimu. Walikaa nje ya runinga hiyo hadi 1977. Fo akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 1997. Pengo lao ni la kisiasa.

Mina ni jambo jingine. Jina la hati ni Anna Maria Mazzini, alizaliwa Busto Arsizio 25 Machi 1940, akakulia Cremona. Mwaka 1963 alipata mtoto na mwigizaji Corrado Pani, ambaye alikuwa na ndoa aliyokwisha tengana nayo. Italia haikuwa na talaka. Sheria ilikuja Desemba 1970. Hivyo hata kama wangetaka kuoana, hapakuwa na njia. RAI ikamwondoa. Santuri zake hazikuacha kununuliwa, barua za watazamaji zikamiminika, na 1964 akarudi. Hilo ndilo pengo la kwanza: alifukuzwa, akarudishwa na watazamaji.

La pili alilichagua mwenyewe. Alihamia Lugano, Uswisi, na 1967 akaanzisha lebo yake ya kurekodi, PDU, pamoja na baba yake. Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Mwimbaji mwenye lebo yake anachagua nyimbo, anachagua tarehe ya kutoa, na hahitaji kujitokeza ili mkataba uendelee. Mwaka 1974 aliendesha Milleluci pamoja na Carrà, likawa onyesho lake kubwa la mwisho la runinga. Tamasha lake la mwisho mbele ya watu lilikuwa 23 Agosti 1978, Bussoladomani, pwani ya Versilia, jirani na ukumbi wa La Bussola alikoanzia kuimba 1958. Lakini hakustaafu! Aliendelea kutoa albamu karibu kila mwaka. Ukiandika "alistaafu 1978" unafuta zaidi ya nusu ya kazi yake. Andika "aliacha kuonekana".

Na ukitafuta santuri zake za mwanzo, tafuta pia jina Baby Gate. Mwaka 1958 na 1959 nyimbo zake za Kiingereza zilitolewa kwa jina hilo.

Kuna pengo la aina ya tatu ambalo halihusu wala RAI wala hiari: Enzo Tortora. Alikuwa akiendesha Portobello, kipindi cha Ijumaa kilichotazamwa na nchi nzima. Tarehe 17 Juni 1983 alikamatwa kwa tuhuma za kushirikiana na Camorra, mtandao wa wahalifu wa Napoli, kwa maneno ya wahalifu waliogeuka mashahidi. Mwaka 1985 alihukumiwa miaka 10, Septemba 1986 akaachiwa huru na mahakama ya rufaa, hakuwa na hatia yoyote. Alirudi hewani 20 Februari 1987 na kuwauliza watazamaji, "Tulikuwa tumeishia wapi?" Alifariki 18 Mei 1988. Kwa mtu kama huyu, usiandike "alipumzika kutoka runingani 1983 hadi 1987". Andika tarehe za kukamatwa, hukumu na kuachiwa, moja baada ya nyingine. Ni haki yake.

---

Sauti_ya_Kioo

Wakuu, naongeza jambo ambalo bado halijaguswa: sauti. Filamu za Italia za miaka ile kwa kawaida zilipigwa picha kwanza, sauti ikaingizwa baadaye studioni. Mwigizaji unayemwona siye lazima unayemsikia.

Alberto Sordi alizaliwa Roma 15 Juni 1920, na kabla ya sura yake kujulikana sauti yake ilikuwa imeenea nchi nzima: ndiye aliyemtia Oliver Hardy sauti ya Kiitaliano. Mwaka 1950 alimtia sauti hata Marcello Mastroianni kwenye filamu moja. Upande wa pili ni Claudia Cardinale, aliyezaliwa Tunis 15 Aprili 1938 na kukulia kwenye Kifaransa. Filamu zake za mwanzo zilitiwa sauti na wengine, na aliposikika kwa sauti yake mwenyewe, yenye ukwaruzo, ilikuwa 1963 kwenye filamu ya Federico Fellini. Kwa hiyo usisifu "sauti ya Cardinale" kwa filamu ya 1960 kabla ya kuhakikisha.

Totò sasa, maana hapa ndipo sauti inapogusa maisha. Mwaka 1957, katikati ya ziara ya rivista, alipoteza karibu uwezo wote wa kuona. Jicho moja lilikuwa limekwisha miaka mingi nyuma. Ziara ikavunjika na hakurudi tena kwenye jukwaa la rivista. Filamu aliendelea nazo kwa karibu miaka 10. Aliwezaje? Jukwaa la kurekodia alilijifunza kwa hatua. Kwa picha za mbali na za kukimbia alitumika mtu wa kufanana naye, Dino Valdi. Kigingi kilikuwa chumba cha kuingizia sauti. Kazi ile inataka uone midomo yako kwenye picha ili neno liangukie mahali pake, na yeye hakuiona. Ndani ya studio walijitahidi kunasa sauti palepale wakati wa kupiga picha. Kwa sehemu za nje, zenye kelele, Carlo Croccolo alimwigiza sauti. Ukisikia Totò wa miaka ya 1960 akizungumza barabarani, sikiliza mara mbili.

Mwigizaji Massimo Troisi naye alifanya kazi akipambana na mwili. Alizaliwa San Giorgio a Cremano 19 Februari 1953, moyo ukiwa umeharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni. Alipopiga picha za filamu ya Il postino aliweza saa chache tu kwa siku, na kwenye baiskeli na milimani alikuwepo mtu wa kufanana naye. Upigaji ulimalizika 3 Juni 1994, akafariki siku ya pili yake. Alipendekezwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora akiwa amekwisha kufa. Andika vizuri: alipendekezwa, hakushinda. Aliyeshinda kwa filamu ya Kiitaliano ni Roberto Benigni, Machi 1999.

---

Dansi_la_Kijiji

Kuhusu Fiorello kwa ufupi, Pazia, kwa sababu kwake majukwaa ya zamani yalikuwa yamekwisha kufa. Alizaliwa Catania 16 Mei 1960. Shule yake ilikuwa vijiji vya watalii vya Valtur huko Sisilia: alianzia kazi za jikoni na baa, akapanda kuwa mwanaburudani wa wageni. Kazi ile ni mchezo asubuhi, mashindano mchana, onyesho usiku, na kila wiki wageni wapya wasiokujua. Inafanana na avanspettacolo kuliko watu wanavyodhani. Kutoka hapo akaenda Radio Deejay ya Milano, kisha 1992 akaendesha Karaoke kwenye kituo binafsi cha Italia 1, barabarani na viwanjani, mji baada ya mji, nywele zikiwa mkia wa farasi. Tangu 2001 akarudi redioni na Viva Radio 2, na wengi tunaamini hapo ndipo alipofanya kazi yake bora, kwa sababu anaigiza sauti za watu na redio haimpi kitu kingine cha kuegemea. Ukitaka kumwona akiwa peke yake kabisa, tazama Sanremo ya 2021, Ariston ikiwa na viti vitupu kwa sababu ya korona. Kichekesho bila kicheko cha kujibu ni kazi ngumu mno, na yeye aliifanya kwa usiku tano.

---

Pazia_Jekundu

Nimebaki na Carrà. Kwa mpangilio wa majukwaa, naanzia wapi? Naona kila kitu kwa wakati mmoja.

---

Bi_Santuri

Anzia na sinema iliyomkataa. Raffaella Pelloni, mzaliwa wa Bologna, 18 Juni 1943, alisoma uigizaji Roma kwenye Centro Sperimentale di Cinematografia. Jina la Carrà alipewa na mwongozaji Dante Guardamagna, akimfuata mchoraji Carlo Carrà kwa kuwa Raffaella tayari lilikumbusha mchoraji mwingine, Raffaello. Mwaka 1965 alikuwa kwenye filamu ya Hollywood pamoja na Frank Sinatra, na haikumfikisha popote. Hilo ni jukwaa la kwanza, lisilomlisha.

La pili ni Canzonissima ya 1970/71 na mtangazaji Corrado. Alitokea na kitovu nje, kwenye runinga ambayo miaka 9 nyuma ilikuwa imewavalisha madansa pacha Kessler soksi nzito nyeusi ili miguu isionekane. Msimu uliofuata dansi yake ya Tuca tuca, ya kugusana mikono na mwili, ilizuiwa. Ikarudishwa baada ya Alberto Sordi kuicheza naye hewani, maana hakuna aliyethubutu kumkata Sordi. Kwenye kipindi chako hiki kipe dakika, kwa sababu kinaonyesha mtu wa jukwaa la zamani akimfungulia mlango wa jipya.

La tatu ni Hispania. Mwaka 1976 alikuwa na kipindi chake kwenye runinga ya TVE, muda mfupi baada ya kifo cha dikteta Franco, na huko na Amerika ya Kusini alikuwa mkubwa kwa Kihispania kabisa. Nyimbo zina matoleo mawili, tena majina mara nyingine yanatofautiana, kwa hiyo taja lugha kila unapotaja mwaka.

La nne ni mchana. Pronto, Raffaella? ya 1983 ilikaa kwenye saa ya chakula ambayo RAI haikuwa ikiitilia maanani. Chombo chake kikuu kilikuwa chupa ya kioo iliyojaa maharage: watu walipiga simu kubahatisha yako mangapi. Mezani simu, chupa, na yeye akiongea na watu majumbani mwao. Waliobeza kabla ya kuanza walikuja kuinakili.

Alifariki Roma 5 Julai 2021. Kwa kichwa cha habari mwandike "Raffaella Carrà, mtu wa runinga", uongezee dansi na nyimbo ndani ya maelezo, kila kimoja mahali kilipotokea. Na ukitaka kuona vipindi vyenyewe kabla ya kuandika, RaiPlay, tovuti ya RAI, imeweka vingi vya zamani, ingawa baadhi havifunguki nje ya Italia. Tarehe ya kila kipindi iandike kama ilivyo kwenye picha, siku na mwezi, kabla hujagusa makala ya mtu mwingine.